Safari Yangu ya Kwanza Mgeta: Kulitafutia Ua la Baridi Makao Uluguru

Kazi yangu ni kupamba harusi, Dar es Salaam. Anayeifanya kazi hii hujua ua limetoka wapi kabla hajalitia kwenye ndoo. Mawaridi yetu mengi yanatoka Arusha, mashamba ya Usa River na miteremko ya Mlima Meru. Asumini, vilua na mkadi tunavipata kwa akina mama wa pwani wanaojua kufunga vikuba. Halafu yapo maua yanayoshuka na ndege kutoka Ulaya, na hayo bei yake ndiyo inayoamua ukubwa wa shada.

Katika hayo ya ndege liko moja ambalo mabibi harusi wa siku hizi hulitaja kabla ya mengine yote: ranunkulasi. Ni ua la mviringo, lenye petali nyembamba nyingi mno zilizokumbatiana duara ndani ya duara mpaka kwenye moyo wake. Lina rangi nyeupe, njano, chungwa, waridi, nyekundu, na nyingine zilizo katikati ya hizo. Harufu halina ya kutajika. Uzuri wake wote ni wa macho. Kikonyo chake kina uwazi ndani, kwa hiyo likishinda njiani muda mrefu hufika limeinama na mimi hulazimika kulifunga waya ili lisimame mbele ya wageni. Nalipenda ua hili kuliko yote ninayoyashika, na kila nilipolifunga waya nilijiuliza kwa nini lisilimwe hapahapa kwetu.

Jibu nililopewa na kila niliyemuuliza lilikuwa moja: linataka baridi. Ni kweli. Ranunculus asiaticus, ambayo ndiyo mama wa aina hizi za harusi, asili yake ni nchi za mashariki ya bahari ya Mediterania: kisiwa cha Krete, Uturuki, Shamu na jirani zake. Huko huchipua kwa mvua za majira ya baridi, huchanua baridi inapolegea, kisha kiangazi kikali kikifika majani hunyauka na mmea wote hujificha ardhini ndani ya tunguu dogo lenye vidole. Bustani za Istanbul zililitukuza enzi za Waosmani, Ulaya ikalipokea, na leo California kuna mteremko mmoja pale Carlsbad wenye ekari 50 za ua hili, watu wanafunga safari kwenda kulitazama tu. Kote huko sharti ni lile lile. Usiku uwe wa nyuzi 5 hadi 10 hivi, mchana usipande sana juu ya 20. Joto likivuka 25 kwa siku nyingi, mmea huona kiangazi kimefika, ukageuka njano na kulala. Dar es Salaam haina usiku wa namna hiyo hata Julai.

Lakini nchi yetu haijalala bapa. Kila unapopanda mita 1,000 hewa hupoa kwa nyuzi kama sita, na hesabu hiyo haiangalii kalenda wala haingoji majira. Wenzetu wa nchi hizo hukaa mahali pamoja wakasubiri baridi iwafikie. Sisi tunaifuata iliko. Nikafungua ramani, kidole kikatua kwenye milima ambayo miaka yote nimeiona kwa dirisha la basi tu, nikielekea Dodoma: Uluguru.

Nilipanda treni ya umeme, ile iliyoanza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro tarehe 14 Juni 2024. Pugu ikapita, Ruvu ikapita, mashamba ya mkonge ya Ngerengere yakapita, na kabla sijamaliza kupanga maswali yangu nikaona ukuta wa kijani umeinuka upande wa kusini, kilele kikiwa ndani ya wingu. Morogoro mjini ni mita kama 500 juu ya usawa wa bahari. Lupanga na Bondwa, vilele vinavyouangalia mji, vinapita mita 2,100. Kimhandu, iliyojificha nyuma yao upande wa kusini, inapita 2,600. Kwa hesabu yangu ya nyuzi sita, hapo mjini nilikuwa nimesimama chini ya ngazi yenye majira yote ya ranunkulasi.

Mji wenyewe ulikuwa na joto, ingawa masika ilikuwa imekwisha na kipupwe kimeingia. Nikaenda moja kwa moja Soko Kuu la Chifu Kingalu. Kingalu ni cheo cha machifu wa Waluguru wenye makao yao Kinole, waliosifika tangu zamani kwa kuomba mvua. Soko linalobeba jina lao limejaa matunda ya mvua hiyo, na ukilitazama vizuri linakuonyesha ramani ya mlima. Upande mmoja nilikuta ndizi, mananasi, pilipili manga na mdalasini. Hivyo vinatoka Kinole, Tegetero na Matombo, mashariki ya Uluguru, upande unaoipokea pepo ya bahari na kunyeshewa sana. Upande mwingine palikuwa na kabichi zilizofungana, karoti, koliflawa na viazi mviringo. Nikasimama mbele ya tenga la njegere.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Njegere mbichi hizi, za jana."

"Zinatoka wapi?"

"Mgeta. Njegere kama hizi zitatoka wapi tena?"

Nikanunua kilo moja na kumweleza nilichokuja kutafuta. Nilimwonyesha picha ya ranunkulasi kwenye simu. Akaitazama kwa muda, akaniuliza kama linastahimili kusafirishwa kwenye tenga, nikamjibu kwamba hilo litahitaji boksi. Akatikisa kichwa kama mfanyabiashara anayepiga hesabu ya gharama, halafu akampigia simu mkulima anayemletea mzigo. Simu hiyo ndiyo iliyonifungulia mlango wa Mgeta.

Magari ya kwenda Mgeta hufuata barabara ya Iringa mpaka Sangasanga, kisha hukata kushoto kuelekea Mlali. Mlali bado ni nchi ya joto. Mashamba ya nyanya yapo na vumbi lipo. Baada ya hapo barabara inaanza kupanda. Kona moja inafuata nyingine, mto Mgeta unabaki chini kabisa bondeni, na upande wa mlima udongo mwekundu umekatwa wima. Gari letu lilikuwa limejaa mifuko ya mbolea, madumu na abiria waliozoea kila shimo la njia ile. Mimi nilikuwa nikitazama mimea, kwa kuwa mimea haidanganyi kuhusu baridi. Mwembe wa mwisho niliuona mapema. Baadaye michungwa ikapungua. Kisha madirisha yakafungwa, mtoto aliyekuwa karibu nami akavishwa sweta, na kwenye mteremko wa mbele nikaona njegere zimepanda vijiti vyake mistari kwa mistari. Tulipofika Nyandira, kijiji cha Mgeta kilicho mita kama 1,600 hivi, nikaona kitu kilichonifurahisha kuliko yote ya siku ile: miti ya plamsi na pichi iliyopukutisha majani yake. Mti wa namna hiyo hupukutisha majani unapohisi baridi. Ulikuwa umelala usingizi wa majira ya baridi, Tanzania, mwendo wa saa chache kutoka pwani.

Mama mwenyeji wangu, yule mkulima aliyepigiwa simu sokoni, alinipokea kwa chai ya maziwa ya mbuzi. Nilimwamkia, naye akanionyesha pa kuweka begi, akanipa blanketi la pili bila kuniuliza. Mbuzi wale wana historia yao. Miaka ya 1980 Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kilicho chini ya mlima huu huu, kilishirikiana na Wanorwe kuleta mbuzi wa maziwa kutoka Norwe, na Mgeta ndiko walikoonekana kufaa. Mnyama wa nchi ya theluji akapata makao kwenye miteremko ya Waluguru, akawa anawapa watoto maziwa na mashamba samadi. Nilipomsikia mama akinieleza jinsi mbuzi alivyobadilisha udongo wake, nilitiwa moyo. Kumbe mlima huu umeshapokea wageni wa baridi kabla yangu, wa miguu minne na wa mizizi pia: kabichi, njegere, plamsi.

Asubuhi tulikwenda shambani. Mtu wa tambarare akiona shamba la Mgeta kwa mara ya kwanza atajiuliza mkulima anasimamaje. Mteremko ni mkali, na umekatwa matuta ya ngazi kutoka kando ya kijito mpaka karibu na mawingu. Katika kila ngazi kulikuwa na zao lake, na kati yao mifereji ya maji. Mahali pengine maji yalishushwa kwa mipira kutoka juu, yakirushwa kama mvua ndogo bila mashine yoyote, kwa nguvu ya mteremko peke yake.

Nilikuwa nimefikiri nitazungumza na mama, tukubaliane kuhusu kipande cha tuta, basi. Akaniambia tumsubiri mjomba. Kwa Waluguru ukoo hufuata mama, na ardhi hupitia huko huko. Mama huyu analima ardhi ya ukoo wa mama yake, na kaka wa mama yake ana neno katika kila jambo jipya linaloingia ardhini. Mzee alifika na fimbo yake, akaketi juu ya jiwe. Nikamwamkia, nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza maswali matatu. Ua hilo linataka maji kiasi gani, na mwezi gani? Likishakatwa, ardhi inabaki na nini? Na asipopatikana mnunuzi, hasara ni ya nani?

Sikuwa nimewahi kuulizwa maswali mazuri namna ile kuhusu ua. Baadaye, tukipanda kuelekea tuta la juu, mzee alinieleza kwa nini anauliza. Mwaka 1950 serikali ya Waingereza ilileta mpango wa matumizi ya ardhi ya Uluguru. Walikuwa na hofu ya kweli: udongo ulikuwa ukimomonyoka na mito kuchafuka. Lakini walilazimisha watu kuchimba matuta mapana ya benchi kila mahali, yaliyofukua udongo wa chini usio na rutuba na kuufukia ule mzuri wa juu. Waluguru walikuwa na njia yao, ngazi nyepesi za kufukia majani na kuvutia udongo juu yake, na hakuna aliyewauliza. Watu walichimba kwa kuogopa faini, mazao hayakuongezeka, hasira ikaongezeka. Julai 1955 umati ulikusanyika Matombo kukataa. Polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akafa, na mpango ukavunjika. Huku Mgeta matuta ya benchi yalibaki kwa sababu mboga, samadi na maji ya mfereji vililipa jasho lake. Kwingine mengi yaliachwa.

Niliyachukua maneno yale kwa uzito wote. Mimi pia ni mtu wa chini ninayepanda na wazo. Kwa hiyo nilimjibu mzee swali kwa swali, kwa yale ninayoyajua kwa hakika.

Kuhusu maji: ranunkulasi haipendi kusimama ndani ya maji. Tunguu lake huoza upesi kwenye udongo uliotuama, kwa hiyo haliwezi kupandwa wakati wa masika. Wakati wake hapa ni mwisho wa Mei na Juni, mvua zikishakatika na usiku umepoa. Kuanzia kupandwa hadi kuchanua ni siku 90 hivi, maana yake ua la kwanza litakatwa mwisho wa Agosti au Septemba, kabla joto la Oktoba halijaamuru mmea ulale. Linahitaji unyevu mdogo wa kila mara, chini ya ule unaohitajiwa na kabichi. Kuhusu ardhi: maua yakikatwa na majani yakigeuka njano, matunguu hufukuliwa, hukaushwa na kuhifadhiwa penye hewa kavu kwa msimu ujao, na tuta linakuwa tupu kabla ya mvua za vuli, tayari kwa maharage. Kuhusu hasara nilisema ya kwangu: matunguu ni yangu, na tuta nitalilipia kana kwamba limelimwa njegere, ua lichanue lisichanue.

Mzee akamtazama mpwa wake. Mama akaonyesha ngazi moja nyembamba karibu na nyumba, mahali ambapo jua la asubuhi linafika mapema na maji hayatuami.

Matunguu niliyoyabeba yaliagizwa na mwenzangu wa kazi kwa kibali cha Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, pamoja na cheti cha afya ya mimea kutoka yalikotoka. Nalitaja hili kwa sababu mlima kama Uluguru hauwezi kuhatarishwa kwa mfuko uliopenyezwa mpakani. Ugonjwa mmoja wa udongo ukiingia kwenye mfereji utateremka tuta kwa tuta. Yalikuwa makavu, ya rangi ya kahawia, mepesi mkononi. Jioni tuliyaloweka kwenye beseni la maji baridi kwa saa tatu hivi, tukibadilisha maji ili yapate hewa. Yalivimba mbele ya macho yetu, vidole vikanenepa. Zaidi ya saa nne ni hatari, huanza kuoza kabla hata hayajaona udongo.

Kesho yake tukagawa mafungu mawili. Fungu la kwanza tulilipanda moja kwa moja. Mama alikuwa amekwishalainisha tuta na kuchanganya samadi iliyooza vizuri. Ranunkulasi inapenda udongo mwepesi wenye rutuba, usio mchachu sana. Tulichimba vishimo vya sentimita tano, tukaweka kila tunguu vidole vikitazama chini, tukiacha karibu shibiri moja kati ya moja na jingine. Fungu la pili tulilifukia kwenye sanduku la mchanga wenye unyevu kidogo, tukaliweka kwenye chumba cha giza anachohifadhia viazi vya mbegu. Huko litakaa siku kumi hadi kumi na nne mpaka vijizizi vyeupe vitokee, ndipo lipandwe. Wakulima wa nchi za baridi huifuata njia hii ya pili ili wasipoteze tunguu hata moja, na Mgeta ina vyumba vyenye ubaridi wa kutosha bila jokofu.

Mama alikuwa na hofu yake, ambayo sikuikuta kwenye kitabu chochote nilichosoma: fuko. Alisema mnyama huyo hapiti penye kiazi bila kuonja, na tunguu hili ni kiazi kitamu machoni pake. Akatega mitego yake pembeni mwa tuta palepale. Mimi nami nikampa onyo langu: majani mabichi ya ranunkulasi yana utomvu mkali unaowasha ngozi na kudhuru tumbo la mnyama. Mabaki yake yasifike kamwe kwa mbuzi, na anayekata maua mengi avae glavu. Alirudia maneno yale kwa watoto wake wote kabla hatujaondoka shambani.

Tulipokuwa tunanawa kwenye mfereji, aliniita nitazame mmea mmoja mdogo wa porini, wenye majani yaliyochanika na maua ya njano ya petali tano yanayong'aa kama yamepakwa mafuta. Nilifurahi mno. Ule ulikuwa Ranunculus multifidus, ndugu wa damu wa matunguu tuliyotoka kuyafukia, anayeota mwenyewe penye majimaji katika nyanda za juu za Afrika Mashariki. Mama alimjua vizuri: ng'ombe na mbuzi humkwepa. Ukoo ulikuwa hapa tangu zamani. Tuliyemleta ni binamu wa mbali.

Siku iliyofuata, nikiwa na kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu na kijana wa kuniongoza, tulipanda kupitia Tchenzema kuelekea msituni. Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru ilitangazwa mwaka 2008, ina hekta zaidi ya 24,000, na mpaka wake unauona kwa macho: tuta la mwisho la kabichi, halafu ukuta wa miti. Ukiingia, sauti za mashamba zinakatika. Mawe yamevaa kuvumwani, maji yanadondoka kutoka kwenye majani ingawa mvua hainyeshi, na ukungu unapita kati ya mashina kama mwenye njia yake.

Hapa nilikuja kuona maua ambayo dunia iliyachukua kutoka kwetu. La kwanza lilikuwa rahisi kuonekana, yale maua ya Impatiens yenye mkia mwembamba nyuma, yaliyojaa kando ya vijito. Milima yetu ina aina nyingi. Aina mojawapo ya jamaa zao, ambayo leo imejaa bustani za Ulaya na Marekani, ilifika kwenye bustani ya mimea ya Kew, Uingereza, ikitumwa kutoka Zanzibar na John Kirk, balozi mdogo wa Uingereza, na mwaka 1882 ikapewa jina la Impatiens sultani kwa heshima ya Sultani wa Zanzibar.

La pili lilitutaka kupiga magoti. Chini ya jiwe kubwa lililoinama, mahali jua halifiki kabisa, kulikuwa na mmea unaotambaa wenye vijani vya mviringo visivyozidi sana ukucha wa kidole gumba, na maua machache meupe yenye zambarau hafifu juu. Ni Saintpaulia goetzeana. Walter Goetze aliikusanya alipopita Uluguru mwaka 1898, na Adolf Engler akaitangaza kwa wanasayansi mwaka 1900. Dada yake wa Tanga ana umaarufu zaidi. Baron Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani, alipeleka mbegu za ua hilo la Usambara kwa baba yake Ujerumani, Hermann Wendland akaipa jina la Saintpaulia mwaka 1893, na kutokana na mbegu chache za nchi hii pakazaliwa aina maelfu za ua la dirishani linalouzwa dunia nzima. Huyu wa Uluguru hakukubali madirisha. Wakulima wa maua wa Ulaya na Marekani wamemjua tangu zamani kuwa mgumu kufuga, kwa sababu anataka ubaridi na unyevu wa mahali alipozaliwa, na sebule yenye joto humnyima vyote viwili.

Nilikaa mbele ya jiwe lile mpaka kijana akaniuliza kama nimechoka. Sikuwa nimechoka. Nilikuwa nafikiri juu ya jambo moja. Maua yetu yaliondoka, yakawa mali ya watu waliojifunza kuyazalisha, kuyafunga na kuyauza. Sisi tuliobaki na mlima tumezoea kununua maua ya wengine. Ufundi ule si wa kabila wala wa bara fulani. Mama wa Nyandira anayejua siku ya kupanda njegere, zamu ya mfereji, uozaji wa samadi na njia za fuko ana sehemu kubwa ya ufundi huo tayari mkononi. Kinachopungua ni tunguu, elimu ya kukata, na mnunuzi mwaminifu.

Na msitu wenyewe ni sharti la yote. Ukungu huu ndio unaojaza vijito, vijito vinajaza Mgeta na mito mingine, yote inaingia Ruvu, na Ruvu inainywesha Dar es Salaam. Maji ninayotia kwenye ndoo zangu za maua, Sinza au Mbezi, yalianza safari kwenye kuvumwani kama hii. Mlima ukivuliwa miti, mfereji wa mama utakauka mwezi ule ule ambao ranunkulasi inauhitaji, na bomba langu litakauka baada yake. Ndiyo maana tulikubaliana na mjomba kabla sijaondoka kwamba ua hili, likifaulu, litalimwa kwenye matuta yaliyopo tu. Hakuna hatua moja itakayoongezwa kuelekea msituni kwa ajili yake, na zamu ya maji ya njegere na kabichi haitaguswa.

Usiku wa mwisho nilimfundisha mama kukata. Tumba likatwe likiwa limeonyesha rangi na limelainika ukilibinya taratibu, kabla petali hazijafunguka. Likikatwa bado gumu halitachanua. Likikatwa limefunguka halitavuka njia. Likatwe alfajiri, majani ya chini yaondolewe, vikonyo viingie mara moja kwenye maji safi kivulini. Likitunzwa hivyo hukaa siku saba hadi kumi kwenye chombo. Kutoka Nyandira gari likishuka jioni, maua yanakuwa Morogoro usiku na Dar es Salaam asubuhi, yakiwa na umri wa siku moja. Yale ya ndege hayajawahi kunifikia na umri huo.

Kwa wapambaji wenzangu nina ombi. Msimu wa kwanza vikonyo vingine vitakuwa vifupi na vingine vitapinda. Tuvinunue hivyo hivyo, tuvitumie kwenye meza ambako urefu hauhitajiki, tusimwachie mkulima hasara ya kujifunza peke yake. Bei tutakayompa ihesabu samadi, maji ya mfereji na tuta ambalo lingeweza kumpa njegere za uhakika. Na kwa watafiti wa Sokoine, ambao walijua kumtafutia mbuzi wa Norwe makao kwenye miteremko hii, nasema tuta la kujaribia liko tayari Nyandira, na mwenyewe anajua maswali ya kuuliza. Tukilifanya hili kwa kusikilizana, bibi harusi wa Dar es Salaam atashika ua lililolelewa na baridi ya Mgeta, na fedha yake itapanda mlima badala ya kuvuka bahari.